Jiwe la Kufulia la Mukese

Ukitoka Kasongo kwenda Kabambare kwa pikipiki, utapita Mukese. Barabara ni mbaya, kwa hiyo utapita polepole na utaona kila kitu. Utaona nyumba za matofali ya udongo, mihogo iliyoanikwa kando ya njia, na mbuzi wasioogopa pikipiki. Chini kabisa, nyuma ya mashamba, utaona ziwa.

Ni ziwa dogo. Mtu akiita kutoka ng'ambo moja, wa ng'ambo ya pili anasikia. Lakini Mukese nzima inakunywa humo, inafua humo, na inakula samaki wa humo.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, Rosine alishuka ziwani na bidoni mbili, madumu ya plastiki ya kuchotea maji. Mtoto wake mdogo alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kikwembe. Alifika kwenye jiwe la kufulia. Ni jiwe pana na bapa. Wanawake wa Mukese wamelifulia nguo miaka mingi hadi limekuwa laini. Siku hiyo juu yake kulikuwa na mjusi mmoja tu, anaota jua.

Maji yalikuwa mbali. Rosine alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe: thelathini na nne. Mwaka alioolewa, miaka sita iliyopita, maji yalikuwa yanaligusa jiwe hata wakati wa kiangazi. Sasa ilimbidi aingie matopeni hadi magotini ili kujaza bidoni. Maji aliyoyapata yalikuwa na rangi ya kutu.

Nyumbani mama mkwe wake, Véronique, alikuwa anamenya mihogo. Véronique ni mjane, mwembamba, na sauti yake hufika mahali kabla yake.

“Juu ya nini umechelewa hivi?” aliuliza.

“Mama, maji inakimbia,” Rosine alijibu. “Leo nimehesabu hatua makumi tatu na ine toka ku jiwe. Na matope inafika hapa.” Alionyesha goti lake.

“Maji haina miguu,” alisema Véronique. “Kuko mutu mwenye anaifukuza. Na mimi ninamujua.”

“Ni nani?”

“Wale watu ya dhahabu kule juu. Nani mwingine?”

Jumapili ile, baada ya misa, kapita, mkuu wa kijiji cha Mukese, aliita watu kwenye barza ya mikutano. Jina lake ni Raphaël. Ni mdogo wa marehemu mume wa Véronique, kwa hiyo wanaitana shemeki. Raphaël ana viatu vyeusi vya ngozi alivyovinunua Kindu. Huvivaa kila mahali, hata shambani, na huvifuta kwa kitambaa mara tatu kwa siku.

“Watu ya Mukese,” alisema, “tusidanganyane. Ziwa imekufa. Tangu miaka tano inarudi nyuma tu. Pale kwenye maji imeacha, udongo iko muzuri, nyeusi kabisa. Alors, tutakata mufereji. Tutamaliza maji yenye imebakia. Kila famille itapata parsele ya kulima mupunga.”

Watu walipiga makofi. Nisiwasingizie, si watu wabaya. Mashamba yao ya mlimani yamechoka, na mtu mwenye watoto saba akionyeshwa udongo mweusi lazima apige makofi.

Véronique alisimama.

“Na tutakunywa nini? Mupunga?”

Wengine walicheka. Raphaël hakucheka.

“Tutachimba visima, shemeki.”

“Kisima ya mwisho tulichimba, mwezi wa saba ilikauka. Ulikuwa unaangalia wapi?”

“Shemeki, kaa chini.”

“Sikai! Ziwa haikufa. Kuko mutu anaiua. Nitamuleta hapa mbele yenu, na wote mutamuona.”

“Lini?”

“Hii wiki.”

Kesho yake Véronique alichukua jembe, akapandisha njia ya kijito cha Kalusa. Kalusa ndicho kijito kinachoingiza maji ziwani, na huko juu vijana wanachimba dhahabu. Njiani alikuta pikipiki imezama kwenye tope. Mwenye pikipiki alikuwa anaivuta peke yake na jasho linamtoka. Alikuwa Hidaya, mwanamke wa Kasongo, kutoka familia za Waislamu za mjini. Amesomea kilimo, na kila baada ya wiki mbili huja Mukese kufundisha watu kupanda mpunga na mboga. Watu humwita madame Hidaya.

Véronique aliweka jembe chini, akasukuma. Pikipiki ikatoka.

“Merci, mama. Unaenda wapi na jembe?”

“Ninaenda kugombana.”

“Basi ningojee,” alisema Hidaya. “Tuende wote.”

Vijana wa dhahabu walikuwa wanane. Mkubwa wao aliitwa Serge. Alikuwa na tope hadi masikioni.

“Kijana!” Véronique alipaza sauti akiwa bado mbali. “Rudisha maji yetu!”

Serge aliliangalia jembe, kisha akamwangalia mwenye jembe.

“Karibu, mama. Maji yenu iko pale. Hakuna mutu ameila.”

Aliwaonyesha. Maji ya Kalusa yalitoka kijitoni na kuingia kwenye mfereji mdogo. Yalipita juu ya ubao wa kuoshea mchanga, kisha yalishuka na kurudi kijitoni. Véronique alikuwa amepanga matusi yake njia nzima. Hakutaka yapotee bure.

“Hata kama inarudi, inarudi chafu! Angalia! Kama chai ya maziwa! Na sisi tunakunywa!”

“Hapo mama iko na haki,” Hidaya alisema. “Serge, hii matope inashuka mpaka ku ziwa. Maji inafika kule, inatulia, na matope inalala chini. Kila siku kidogo, kila mwaka sana. Ziwa inakuwa sahani, haiko tena sufuria.”

“Mais madame, sisi tunatafuta maisha.”

“Nani amekukataza? Chimba mashimo mbili tatu hapa chini ya ubao. Maji ipite mule polepole kabla ya kurudi. Matope itabaki mu shimo. Ikijaa, unaitoa, unaiweka mbali na kijito. Na ile miti ya kule ku chemchem, musiikate tena. Kivuli yake njo inalinda maji, na mizizi yake inashika udongo.”

Serge alikuna kichwa. Hakukubali, hakukataa. Hidaya aliomba ndoo. Aliiweka chini ya maporomoko madogo, mahali ambapo Kalusa yote inapita, akaanza kuhesabu kwa sauti. Ndoo ilijaa alipofika ishirini na tano.

“Kumbuka hii, mama. Kujaza ndoo moja, makumi mbili na tano. Sasa twende tuone kule maji inatokea.”

“Kutokea?” Véronique aliuliza. “Tumekuja juu ya maji yenye inaingia.”

“Beseni iko na pande mbili,” alijibu Hidaya.

Walishuka hadi mwisho wa ziwa, upande wa chini. Wanawake wa Mukese hupaita pale Mlangoni. Na hapa lazima nieleze desturi yao, kwa sababu bila hiyo hadithi hii haieleweki.

Kila mwaka, katikati ya kiangazi, wanawake hufungua mlango wa ziwa. Huenda na majembe na mabeseni, wakiimba. Mwanamke mmoja mwenye heshima hupiga jembe la kwanza kwenye kizuizi cha udongo, na wengine humfuata. Maji hutoka na ziwa hushuka. Pembeni hubaki madimbwi. Wanawake huyazungushia tope, humwaga maji yake nje kwa mabeseni, kisha hukamata kambale kwa mikono. Siku hiyo Mukese nzima hunuka samaki, na hakuna anayelalamika. Mwenye jembe la kwanza, kwa miaka kumi na nane sasa, ni Véronique. Wiki tatu kabla ya siku hii alikuwa amelipiga tena.

Hidaya aliweka ndoo chini ya maji yanayotoka Mlangoni. Akahesabu. Ndoo ilijaa alipofika tisa.

“Hesabu tena,” alisema Véronique.

Hidaya alihesabu tena. Tisa.

“Madame, ile ndoo iko na kosa.”

“Ni ndoo ileile, mama. Maji yenye inatoka inapita yenye inaingia.”

Walirudi nyumbani kwa Véronique. Rosine alikuwa anaosha vyombo kwenye beseni kuukuu la plastiki, lililomeguka ukingoni. Hidaya aliliomba. Aliliweka katikati ya kiwanja.

“Rosine, dada, mwanga maji mule. Taratibu.”

Rosine alimwaga. Maji yalipanda hadi mahali palipomeguka, kisha yakaanza kutoka.

“Ongeza.”

Aliongeza. Maji yakatoka zaidi, lakini hayakupanda.

“Mwanga mpaka Noeli,” Hidaya alisema, “haitapita pale pamevunjika. Ziwa njo vile. Haijai kupita mulango yake. Mukikata mulango chini, ziwa inabaki chini, hata mvua inyeshe namna gani.”

Kisha alichota udongo kwa mikono miwili, akautia ndani ya beseni. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji mengine yakatoka.

“Na hii ni udongo ya Serge. Na ya mashamba yenu, juu ya vile munalima mpaka ku maji kabisa, mvua inakomba yote. Maji ikose nafasi, itakaa wapi?”

“Na mvua yenyewe?” Rosine aliuliza. “Watu wanasema imebadilika.”

“Imebadilika kweli. Inachelewa, halafu inanyesha kwa kishindo. Ile hatuwezi kuiamuru. Lakini mulango iko mikononi mwetu.”

Véronique alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameliangalia beseni. Uso wake ulikuwa mkali.

“Wabibi zetu walikata vilevile,” alisema. “Na ziwa ilikuwa inajaa. Juu ya nini ikufe kwa mikono yangu mimi?”

“Walikuwa wanafunga na nini, mama?”

Véronique aliinua macho. Alikumbuka. Mama mkwe wake mwenyewe alikuwa anawafungisha mlango siku ileile, kabla ya jua kushuka. Walileta udongo wa kichuguu, wakaumwagia maji, wakaukanyaga. Walikanyaga hadi miguu ikawaka moto. Bibi yule alisimama pembeni na fimbo, na hakuna aliyeruhusiwa kukaa. Wasichana walimchukia kwa ajili hiyo.

“Siku nilipata jembe la kwanza,” Véronique alisema polepole, “nilisema tuache ile kazi. Wanawake walikuwa wanachoka, na mashamba ya mupunga yalikuwa yanangojea. Nilisema tuweke majani na matope tu, itatosha. Walinishangilia sana.”

“Na mvua ya kwanza ilikuwa inabeba yale majani,” alisema Hidaya.

“Ilibeba. Na mwaka wenye ulifuata tulikuwa tunakata chini zaidi, juu ya vile samaki walipunguka.” Alivuta pumzi. “Miaka kumi na munane.”

Rosine alimshika bega. Véronique aliutoa mkono ule, akasimama. Alikuwa na aibu, na aibu humkasirisha.

Siku ya barza ilifika. Raphaël alikaa mbele, viatu vinang'aa.

“Shemeki, ulisema utaleta mwenye anaua ziwa. Iko wapi?”

“Iko mbele yako,” alisema Véronique. “Ni mimi.”

Véronique alieleza kila kitu, kuanzia kichuguu hadi ndoo mbili. Hakujificha nyuma ya wanawake wenzake. Alimtaja Serge pia, na mashamba yaliyofika majini, likiwamo shamba la Raphaël. Watu walianza kunong'ona. Mzee mmoja alisema kwa sauti kwamba mtu aliyeharibu ziwa hana haki ya kusema tena juu ya ziwa.

“Kinyume!” Véronique alimjibu. “Mwenye amevunja njo anajenga. Nipeni mvua moja. Moja tu. Tutafunga mulango vile wabibi walifunga, na madame Hidaya atatuonyesha zaidi.”

“Na ikikosa kujaa?” Raphaël aliuliza.

“Itajaa.”

Raphaël aliinuka. Alikuwa mwenye hasira sasa, kwa sababu ya kutajiwa shamba lake.

“Bon. Munisikie wote. Siku ya Noeli, kisha misa, nitasimama ku jiwe la kufulia na hivi viatu. Kama viatu imelowa, ziwa ni yenu, na mimi mwenyewe nitakataza mutu kuigusa. Kama viatu ni vikavu, tunagawa parsele siku ileile.”

“Usivae vingine,” alisema Véronique.

Kazi ilianza Jumanne. Wanawake kumi na tisa walikuja, na waume wachache waliosukumwa na wake zao. Dady, mume wa Rosine, alileta mawe kwa baiskeli. Kwanza walichimba Mlangoni hadi kwenye udongo mgumu, wakatoa majani yote na mizizi ya zamani.

“Hakuna majani ndani,” Hidaya aliwaonya. “Majani inaoza, inaacha tundu. Hakuna vijiti. Udongo tu.”

Walibomoa kichuguu kimoja kikubwa kisicho na mchwa tena. Waliponda udongo wake, wakaulowesha kidogo, wakauweka tabaka moja la unene wa kiganja. Kisha wakakanyaga. Tabaka la pili, wakakanyaga. Véronique alikuwa mbele akiimbisha. Miguu ilipowaka, msichana mmoja alitaka kukaa.

“Simama,” Véronique alimwambia. “Na mimi nilikaa. Umeona vile ilileta.”

Lakini mabibi hawakujua kila kitu. Hidaya aliwaonyesha kwamba mlango haufungwi kabisa. Kwenye mwamba wa pembeni kulikuwa na mstari mweusi, alama ya maji ya zamani. Aliweka kamba ya kupimia usawa pale. Usawa wa mstari ule waliacha njia ya maji ya ziada, hatua tatu kwa upana, wakaipanga mawe makubwa.

“Maji ikipita hapa juu, ipite kwa amani,” alisema. “Bila hii njia, mvua kubwa moja itapanda juu ya ukuta na kuvunja yote. Tena chini kule kuko watu. Na wao wanakunywa.”

Wenye mashamba waliombwa warudi nyuma hatua ishirini kutoka majini. Kwenye ukanda ule walipanda mchaichai, yale majani ya chai ya kunukia, ili mizizi yake ishike udongo. Wengi walikubali. Raphaël alikataa. Zaidi ya kukataa, alituma watu wake wapige vijiti kwenye tope, safu kwa safu, kutoka ukingo wa maji hadi kwenye jiwe. Kila kijiti kilikuwa mpaka wa parsele.

Wanawake walitaka kuving'oa.

“Muviache!” Véronique aliwazuia. “Hakuna mutu anagusa kijiti ya kapita. Njo vitatuhesabia maji.”

Mvua ilichelewa. Mwezi wa tisa ulipita na vumbi. Mwezi wa kumi ulifika nusu ndipo tone la kwanza likaanguka. Kisha ikanyesha. Rosine alishuka kila asubuhi kuangalia. Safu ya kwanza ya vijiti ilizama. Ikazama ya pili. Watoto wa shule walikuwa wanapita kuhesabu vilivyobaki.

Mchana mmoja wa mwezi wa kumi na moja, mvua kubwa ilinyesha. Rosine alikimbia Mlangoni akakuta maji yanatokeza katikati ya ukuta, kwenye tundu la ukubwa wa kidole. Akapiga kelele. Wanawake walikuja na majembe, wamelowa chapachapa.

“Hapa kuliwekwa nini?” Véronique aliuliza.

Rosine aliinamisha kichwa. “Fungu ya majani, mama. Ni mimi. Mutoto alikuwa analia, nilitaka kumaliza haraka.”

Wengine walingoja Véronique amchape kwa maneno. Yeye alimgeukia mkwewe.

“Mimi nilisema hivyo miaka kumi na munane,” alisema. “Wewe ni siku moja. Leta jembe.”

Walikata sehemu ile yote, wakatoa majani yaliyooza. Véronique aliruka ndani ya pengo, akaanza kukanyaga udongo waliomtupia. Maji yalimpiga kiunoni. Raphaël alitokea juu ya njia na mwavuli.

“Shemeki! Toka mule! Mulango imewashinda!”

“Imetushinda saa ngapi?” Véronique alimjibu kwa sauti kubwa kuliko mvua. “Mimi niko ndani yake!”

Raphaël alisimama pale. Nyuma yake walitokea vijana wanane wenye tope, Serge mbele. Walikuwa na magunia ya mchanga mabegani. Serge alishuka, akapanga magunia mbele ya pengo, na nguvu ya maji ikapungua. Walikanyaga wote pamoja hadi ukuta ukakaa kimya. Baadaye Serge alimwambia Hidaya kwamba wamechimba mashimo yale ya matope, matatu, na kwamba ni kazi ya kuchosha sana. Hidaya alimwambia achimbe la nne.

Ikabaki wiki moja kabla ya Noeli. Maji yalikuwa yamezamisha vijiti vyote na kufika kwenye jiwe. Lakini jiwe ni refu kidogo. Kutoka majini hadi juu yake kulibaki kiganja kimoja. Kisha mvua ikakata. Siku nne jua lilichoma. Watu waliotaka parsele walianza kunoa majembe. Rosine alikuwa halali vizuri. Véronique alikwenda kwenye jiwe mara nne kwa siku, akalipiga kwa kisigino, akarudi.

“Mama, na ikikosa?” Rosine alimwuliza.

“Ikikosa, wagawe. Watapiga kamba ya parsele juu ya kichwa yangu, kwa sababu nitakuwa nimekaa mule mu maji.”

Hakuwa anatania. Alikwishachagua kigoda.

Tarehe ishirini na tatu mawingu yalijikusanya upande wa Kabambare. Ilinyesha siku mbili. Siku ya Noeli, misa ilipokwisha, hakuna aliyekwenda nyumbani kula. Mukese nzima ilishuka ziwani. Hidaya naye alikuja kutoka Kasongo, ingawa hiyo haikuwa sikukuu yake.

Jiwe lilikuwa chini ya maji. Lakini juu yake maji yalikuwa membamba, unene wa kidole tu.

Raphaël alifuta viatu kwa kitambaa. Akapanda juu ya jiwe, akasimama. Akainama kuangalia.

“Imelowa chini tu,” alisema. “Soli. Soli haiko kiatu.”

Watu walianza kubishana. Véronique aliinua mkono.

“Muache kelele. Hatuna haraka. Shemeki, simama tu pale.”

Raphaël alisimama. Viatu vilikuwa vya ngozi, lakini vilikuwa vya miaka mingi, na mshono wa mbele ulikuwa umechoka. Alianza kukunja vidole. Alihamisha uzito kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto. Uso wake ukabadilika.

“Kuko nini, kapita?” Serge aliuliza kutoka nyuma.

Raphaël alinyanyua mguu mmoja. Maji yalimwagika kutoka kwenye kiatu, tiriri, mbele ya watu wote.

“Imefika mu soksi,” alisema.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile Mukese. Hata yeye mwenyewe alicheka mwishoni, maana afanye nini. Kisha, akiwa bado amesimama majini, alitoa sauti ya kapita. Hakuna mtu kukata mlango. Hakuna shamba chini ya hatua ishirini kutoka majini, na la kwake ndilo litakalorudi nyuma la kwanza. Hakuna kukata miti ya chemchemi. Nyavu za matundu madogo, na vile vyandarua vya mbu, visiguse samaki wachanga.

Kiangazi kilirudi. Mwezi wa nane Rosine alishuka tena na bidoni mbili. Alisimama juu ya jiwe, akanyoosha mkono, akachota. Hatua hazikuwapo za kuhesabu. Maji yalikuwa safi kiasi cha kuona mchanga chini, lakini nyumbani bado aliyachemsha, kama Hidaya alivyowafundisha.

Siku ya jembe la kwanza ilifika, na wanawake walikuja na majembe na mabeseni kama kila mwaka, wakiimba. Safari hii Véronique hakwenda Mlangoni. Alikwenda kwenye ghuba ya upande wa Kalusa, mahali tope la miaka mingi lilipolala. Aliinua jembe, akalipiga tope lile kwa nguvu zake zote. Wanawake wakamfuata. Walilichota kwa mabeseni na kulipeleka kwenye bustani zao, kwa sababu tope la ziwa ni mbolea nzuri. Wengine walitupa nyavu, na kambale walionaswa walikuwa na unene wa mkono wa mtu mzima. Vijana wa Serge walibeba pia.

Raphaël alikuja na beseni kichwani. Viatu vyake, tangu Noeli, vilikuwa vimekauka na kujikunja ncha. Alifika ukingoni, akasita.

“Niingie wapi, shemeki?”

“Hapa, karibu na mimi. Vua viatu.”

Alivivua na kuviweka kando, pale karibu na maji.

“Weka mbali kabisa,” alisema Véronique, bila kuacha kulima. “Maji ya hapa haiogopi kapita.”